Unaponunua Pikapu Iliyotumika, Nunua Injini Usinunue Rangi

Kila mavuno ya viazi yanapokwisha na fedha kidogo zikaingia mikononi mwa watu, swali moja huzunguka katika skimu yetu hapa Kinangop: "Karani, pikapu gani ni nzuri?" Huniuliza ofisini wajapo kwa habari za mbolea, huniuliza njiani, na hata mlangoni pa kanisa nimepata kuulizwa. Mimi si fundi wa magari. Nilisomea ualimu, na kazi yangu sasa ni kuandika na kutunza madaftari ya ofisi ya kilimo. Lakini mtu atunzaye daftari huona mengi. Huona ni nani aliyekuwa akipeleka maziwa mengi kisha akapunguza, ni nani aliyeuza mitamba yake, na ni nani aliyekuja kutaka barua ya kumwombea muda kwa mkopeshaji. Katika hayo nimeona kwamba pikapu iliyotumika imewainua wakulima wengine, na wengine imewaangusha.

Maoni yangu ni haya. Mkulima asianze kwa kuuliza jina la gari. Aanze kwa kupima mzigo wake, kisha aulize hali ya injini, ukweli wa karatasi, na umbali wa kipuri. Tena, hati ya shamba isiwekwe rehani kwa ajili ya gari, hata gari liwe zuri namna gani.

KOSA NILILOSHIRIKI

Nitaanza na habari ambayo si ya sifa kwangu. Miaka michache iliyopita mzee mmoja jirani yangu aliuza mitamba mitatu, akaongeza mkopo, akanunua pikapu ya dizeli yenye kebini mbili kutoka kwa mwuzaji mmoja wa mjini. Gari lilikuwa jeupe kama maziwa, na matairi yake yamepakwa dawa nyeusi hata yakang'aa. Siku lilipofika watu walitoka mashambani kulitazama. Mzee akaniambia, "Mwalimu, wewe umesoma. Walionaje?" Nikalizunguka, nikagonga mlango kwa vidole, nikasema, "Mzee, hili ni gari." Sikufungua boneti. Hata kama ningalifungua, nisingalijua la kutazama.

Wiki ya saba, gari likipanda kilima na mzigo wa kabeji kwenda Nairobi, maji yalichemka na injini ikazima. Fundi alipoifungua alikuta silinda hedi imepasuka. Ilikuwa imekwisha kuchongwa siku za nyuma, na gasketi imetiwa gundi ili gari lishikilie siku za kuuzwa tu. Chini yake chesisi ilikuwa imeungwa kwa kuchomelewa, kisha ikapakwa rangi nyeusi ya kuficha. Kabeji zilikaa kando ya barabara siku mbili. Mwishowe mzee aliliuza gari kwa bei ya chuma chakavu, lakini mkopo ulibaki pale pale, naye akaulipa kwa maziwa ya ng'ombe waliosalia.

Hakunilaumu hata siku moja. Aliendelea kunisalimu kama zamani, na hilo ndilo lililoniuma. Basi nikaanza kwenda kwa makanika wa soko letu kila Jumamosi, nikaketi juu ya tairi kuukuu, nikawa nauliza na kuandika. Mengi nitakayoyasema hapa nimeyapata kwake. Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sisi tuliona mkakasi tukapiga makofi.

PIMA MZIGO KABLA HUJAPIMA GARI

Pikapu ya kawaida ya kebini moja hubeba kama tani moja. Tangu kanuni za viazi za mwaka 2019, gunia la viazi halitakiwi kuzidi kilo 50. Kwa hiyo magunia 20 ndiyo tani moja, na huo ndio mzigo kamili wa gari hilo. Pikapu ya kebini mbili ina kitanda kifupi, maana sehemu ya nyuma imetolewa iwe viti vya watu. Ni gari la kupendeza kwa arusi, lakini magunia hayana haja ya viti. Mkulima wa viazi, kabeji au maziwa na atafute kebini moja.

Sasa tufanye hesabu kama darasani. Nambari hizi ni za mfano tu. Kila mtu aweke zake. Tuseme dalali ajaye shambani hupunguza shilingi 300 kwa kila gunia kuliko bei ya sokoni. Magunia 20 yatakuletea faida ya shilingi 6,000 ukiyapeleka mwenyewe. Tuseme safari ya kwenda na kurudi ni kilomita 120, na gari linakwenda kilomita 10 kwa lita moja. Hizo ni lita 12. Lita ikiwa shilingi 180, dizeli ni shilingi 2,160. Dereva na mpakizi, 1,000. Ushuru wa soko, 400. Akiba ya matairi, oili na matengenezo, tuseme shilingi 10 kwa kila kilomita, ni 1,200. Jumla ya gharama ni shilingi 4,760. Kilichobaki katika zile 6,000 ni shilingi 1,240.

Ukienda sokoni mara moja kwa wiki, mwaka mzima utapata shilingi 64,480. Ikiwa pikapu ilinunuliwa kwa shilingi 800,000, itachukua zaidi ya miaka 12 kuirudisha fedha hiyo, na bado hatujatoa bima wala kodi. Lakini gari likienda mara nne kwa wiki, kwa mizigo ya majirani wenye kulipa, faida kwa mwaka ni shilingi 257,920, na fedha yake yaweza kurudi katika miaka mitatu na kitu, ukiacha bima na kodi. Na likirudi na mbolea au chakula cha ng'ombe badala ya kurudi tupu, hesabu huwa nzuri zaidi.

Nataka kila msomaji aitazame hesabu hiyo mara mbili. Maana yake ni kwamba pikapu ya mkulima mmoja mwenye ekari chache, isiyokuwa na mzigo wa mtu mwingine, haijilipi. Mtu wa namna hiyo heri akodi gari siku za mavuno, au aungane na majirani wanne watano wanunue pamoja kwa maandishi. Na kwa mitungi ya maziwa ya kila asubuhi, punda na mkokoteni wake bado ni chombo cha heshima. Sioni haya kusema hivyo, ingawa najua baadhi ya vijana watanicheka.

FUNDI WA SOKO LETU ANALIJUA?

Wenye umri mkubwa wanaikumbuka Peugeot 504 ya mizigo, iliyokuwa ikiunganishwa Mombasa. Gari lile lilipendwa mashambani kwa sababu kila fundi alilijua, na kipuri chake kilipatikana hata katika duka dogo la misumari. Sasa zamani zake zimepita, lakini somo lake halijapita: gari la mkulima ni lile linaloweza kutengenezwa hapa kwetu, leo, na mtu tunayemjua.

Siku hizi watu hubishana juu ya Isuzu na Toyota kama wabishanavyo juu ya mpira. Isuzu zimeunganishwa Nairobi tangu kiwanda kilipofunguliwa mwaka 1977, wakati huo kikiitwa kwa jina la General Motors. Tangu mwaka 2017 kampuni inaitwa Isuzu East Africa. Toyota Hilux nayo imeenea kila mahali, na mafundi wengi wameizoea. Magari hayo yote mawili yametumikia wakulima vizuri, na yapo mengine pia. Lakini Isuzu iliyochakaa ni mbovu, na Hilux iliyochakaa ni mbovu. Jina halitii oili.

Jambo la kuchagua kwa makini zaidi ni namna ya injini. Injini za zamani, kama 5L ya Hilux na 4JA1 ya Isuzu TFR, zina pampu ya dizeli ambayo fundi mwenye spana na uzoefu anaweza kuihangaikia. Zina kelele na hazina mbio, lakini hazina siri. Injini za kisasa huongozwa na kompyuta, na mafuta hupita katika nozeli kwa nguvu kubwa mno. Zinavuta vizuri na kula mafuta kwa kiasi, ila zikiugua zahitaji mashine ya kuzisoma, na nozeli zake ni za bei kubwa. Tena hazistahimili mafuta machafu. Mafuta yetu yamekuwa bora: tangu mwaka 2015 Kenya inatumia dizeli yenye salfa kidogo. Lakini wako watu waliozoea kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, hata Serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili faida ya mchezo huo ipungue. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli, na nozeli ndizo huumia kwanza.

Kwa hiyo nasema: ikiwa fundi wako wa karibu hana mashine ya kusoma injini, nunua injini ya pampu. Ikiwa anayo na anajua kuitumia, waweza kununua ya kisasa, lakini nunua dizeli katika kituo unachokiamini, wala si katika madebe ya kando ya barabara.

Kuna jambo moja la nchi yetu ya juu ambalo watu wa bondeni hawalifikirii. Kinangop iko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari. Hewa ni nyembamba, na injini isiyokuwa na turbo hupungua nguvu na kutoa moshi mweusi kidogo inapopanda na mzigo. Yenye turbo husukumiwa hewa, kwa hiyo hupanda vizuri zaidi. Lakini turbo nayo huchakaa, na isipobadilishiwa oili kwa wakati huchakaa upesi. Kama gari lilitunzwa ovyo, heri lisiwe na turbo kabisa.

MTIHANI WA ASUBUHI

Gari lipimwe saa kumi na mbili asubuhi, wala si saa sita mchana. Mwambie mwuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ina moto, amekwisha kuliamsha kwa sababu anazozijua yeye. Rudi nyumbani, uje siku nyingine. Baridi ya asubuhi ndiyo huifichua dizeli iliyochoka.

Kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha radieta. Maji yawe safi, wala mafuta yasielee juu yake. Usifungue kamwe ikiwa moto, maana maji yake huunguza uso. Kisha vuta kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si kosa katika dizeli. Dizeli huichafua oili upesi. Lakini oili iliyo kama chai ya maziwa ina maji ndani, na gari la namna hiyo uliache hapo hapo. Hilo ndilo tungaliliona kwa yule mzee, kama tungalitazama.

Sasa washa. Ngoja taa ya hita izime, kisha zungusha ufunguo. Injini nzima hushika baada ya sekunde chache. Inayohitaji kusukumwa, au kumiminiwa kitu puani, ni mgonjwa. Mtu mmoja asimame nyuma atazame moshi. Moshi mweupe kidogo mara ya kwanza si neno, ukiisha upesi. Ukiendelea kuwa mweupe hata injini imepata moto, basi mafuta hayaungui sawasawa, au maji yanaingia ndani. Moshi wa buluu ni oili inayoungua: ringi, vali au turbo imechakaa. Moshi mweusi mwingi ni mafuta kuzidi hewa: chujio limeziba, au nozeli na pampu zahitaji fundi. Mweusi wa kilimani kidogo nimekwisha kuueleza. Mweusi hutengenezeka; wa buluu ni wa kuogopa.

Injini ikiendelea kuunguruma, fungua kifuniko cha kutilia oili. Mvuke kidogo si kitu. Lakini moshi ukitoka kwa kupiga-piga, kama chungu cha githeri kilichochemka, ringi zimekwisha. Makanika wetu husema kwamba dakika hiyo moja humwambia zaidi kuliko saa nzima ya maneno ya mwuzaji.

Klachi nayo ina mtihani wake. Funga breki ya mkono, tia gia ya tatu, achia klachi polepole huku ukikanyaga mafuta kidogo. Injini yapasa kuzima. Ikiendelea kuzunguka na gari limesimama, klachi inateleza. Usirudie mara nyingi, maana utaimaliza wewe.

Kisha omba magunia kumi yapakiwe, ulipande kilima. Mwuzaji akikataa gari lisipimwe na mzigo, jiulize unanunua gari la nini. Tazama mshale wa joto usipande kupita kawaida. Ukishuka na gia ya pili, achia mafuta ghafula; gia ikiruka yenyewe, gia boksi imechakaa. Kwenye tambarare achia usukani kidogo uone kama gari linavuta upande.

Baada ya hapo lala chini, uwe na tochi. Fuata chesisi kutoka mbele hadi nyuma kwa mkono. Mahali palipochomelewa, palipopinda, au palipopakwa rangi mpya peke yake, uliza kwa nini. Hesabu majani ya springi, utazame kama lipo lililokatika. Matairi yaliyolika upande mmoja yaonyesha kwamba sehemu za mbele zimelegea au gari limepinda.

Usiamini sana nambari za kilomita, kwa kuwa hurudishwa nyuma. Tazama mpira wa pedali, kiti cha dereva na usukani. Gari linalosema kilomita 90,000 na pedali yake imelika hadi chuma linasema uongo. Mwisho, uliza mkanda wa taimingi. Injini za Hilux za 5L na 2KD zina mkanda huo, nao hubadilishwa kwa kilomita zilizowekwa. Ukikatika gari likienda, vali hupigwa na pistoni, na injini huharibika kwa dakika moja. Kama mwuzaji hana karatasi ya kuonyesha ulibadilishwa lini, uhesabu kuwa haukubadilishwa, utie gharama yake katika bei.

Haya yote usiyafanye peke yako. Nenda na fundi wako, umlipe siku yake. Wako wanaoona uchungu kumlipa fundi shilingi elfu mbili, kisha wakapoteza laki nne. Wala usimchukue fundi aliyeletwa na mwuzaji.

KARATASI NI NUSU YA GARI

Kwa sheria yetu, mtu ambaye jina lake limeandikwa ndiye ahesabiwaye kuwa mwenye gari mpaka kinyume chake kithibitishwe. Kwa hiyo fotokopi ya logbuku si kitu. Pata rekodi ya gari kutoka NTSA kwa njia ya eCitizen, ulinganishe nambari ya chesisi na ya injini na zile zilizopigwa kwenye chuma chenyewe. Nambari iliyokwaruzwa au kupigwa upya ni alama ya wizi.

Tazama pia majina yaliyomo. Benki au chama cha mikopo kikiandikwa pamoja na mwuzaji, gari lina deni, na deni hilo lisipoondolewa litakufuata hadi shambani. Tangu sheria ya mwaka 2017 juu ya dhamana za mali inayohamishika, iko sajili ambamo mtu aweza kutafuta kama mali fulani imewekwa dhamana. Kama hujui kutumia simu kwa kazi hizi, mtume mtoto aliyesoma, au nenda Huduma Centre.

Mwuzaji ndiye aanzishaye uhamisho katika eCitizen, na mnunuzi huukubali. Usilipe fedha yote kabla ya uhamisho kuanza. Lipa kwa benki au kwa simu, mahali penye ushahidi, na mwandikiane mapatano mbele ya mashahidi. Gari likikwisha kuuzwa, sheria hairuhusu liendeshwe zaidi ya siku 14 bila mwenye mpya kuandikishwa. Wako watu wanaoendesha miaka mitatu kwa jina la mtu mwingine. Yule mtu akifa, warithi wake huja wakidai gari, nao wana karatasi.

Kumbuka pia kwamba gari la mizigo lina bima ya lazima, ukaguzi wa kila mwaka, na kodi ya mapema ya KRA. Hayo uyaulize kabla ya kununua, yasije yakakushtua njiani.

Juu ya herufi za nambari ya gari nina neno moja. Herufi hizo huonyesha lini gari liliandikishwa Kenya, wala si lini lilitengenezwa. Magari yaliyotumika nje huruhusiwa kuingia yakiwa hayajapita miaka minane tangu kuandikishwa kwa mara ya kwanza, kwa hiyo lenye nambari mpya laweza kuwa lina safari ndefu nyuma yake. Mimi napendelea pikapu iliyonunuliwa mpya hapa nchini, ikatumiwa na mtu mmoja au shirika moja, na daftari lake la matengenezo likawapo. Magari ya Serikali na ya makampuni huuzwa kwa mnada, na mengine ni mazuri. Lakini mnada huuza gari kama lilivyo, mahali lilipo. Usipandishe bei mahali ambapo fundi wako hakupata kutazama.

HATI YA SHAMBA IKAE KABATINI

Sasa nafikia jambo lililonifanya niandike. Wengi wetu ni watoto na wajukuu wa watu waliopewa mashamba katika skimu zilizoanza miaka ya 1960. Mashamba yale hayakuwa ya bure. Mkopo wa ardhi ulipangwa ulipwe kwa miaka 30, na wako wazee waliokufa hawajaumaliza, wakawaachia watoto wao wamalize. Hati zile zililipwa kwa maziwa, kwa pareto na kwa viazi, shilingi baada ya shilingi.

Leo naona kijana akiichukua hati hiyo kwenda kukopa fedha za kununua gari ambalo limekwisha kutumika miaka kumi na tano. Gari likikaa vizuri litamtumikia miaka mingine michache. Gari huchakaa kila siku, na shamba likitunzwa huongezeka thamani. Si busara kufunga kitu kinachodumu kwa kitu kinachooza. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 2012, nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mke au mume. Nawaambia akina mama: mkiletewa karatasi ya kutia sahihi, ulizeni kwanza hesabu ile ya magunia 20.

Kama fedha haitoshi, kopa kwa akiba yako katika chama cha akiba na mikopo, au nunueni pamoja, au ngoja mavuno mengine mawili. Na katika fedha uliyo nayo, robo usiiguse. Ukiwa na shilingi 800,000, nunua gari la 600,000. Robo hiyo ndiyo ya oili, machujio, mkanda, breki na matairi katika mwezi wa kwanza, kwa maana kila gari lililotumika lina ugonjwa mmoja ambao hata fundi hakuuona.

Kiko kikundi kimoja cha akina mama wa maziwa, si mbali nasi, walionunua kwa njia hiyo. Walikataa magari mawili kabla ya kupata la tatu. Lina rangi iliyochujuka, na mlango mmoja ni wa rangi nyingine. Watu waliwacheka. Lakini lilikuwa la mwenye mmoja, na fundi wao aliliwasha kwenye baridi mara tatu. Sasa ni mwaka wa tatu, na sijalisikia likilala njiani. Mweka hazina wao ana daftari lenye kila lita na kila kilomita. Mali bila daftari huisha bila habari.

Na yule mzee wangu je? Deni lake alilimaliza mwaka jana. Mwezi uliopita alikuja ofisini na mwanawe. Wao na majirani wanne wamechanga fedha, nao wamesikia habari za pikapu ya kebini moja huko Ndunyu Njeru. Safari hii hakuniuliza kama ni nzuri. Alisema, "Mwalimu, makanika amekubali. Saa kumi na mbili kesho, likiwa baridi. Njoo na tochi yako." Tulikwenda. Moshi ulikuwa wa buluu. Mzee alimshukuru mwuzaji kwa adabu, tukarudi nyumbani kwa miguu, na fedha yao ingali benki.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mkulima aliye na maoni mengine, au aliyeona jambo nililolisahau, na aliandikie gazeti hili, wenzake wapate kujifunza kabla mavuno mengine hayajaingia.